Rafiki au Mfungwa? Neno juu ya Kasuku Mdogo Nyumbani

Kuku twamfuga kwa mayai na nyama, njiwa na bata kadhalika. Lakini kasuku hafugwi kwa faida ya chungu. Afugwa kwa kuwa ana jicho linalomtazama mtu kana kwamba lataka kumwuliza neno, ana mguu unaoshika chakula kama mkono, tena ana moyo wa kumjua bwana wake na kumtofautisha na wageni. Baba akirudi jioni kutoka bandarini, mama akirudi kutoka sokoni na beseni la ndakala kichwani, kasuku huwapigia kelele za kuwakaribisha kabla mtu mwingine hajatamka hodi. Ndiyo sababu watoto humpenda, na wazee wasiosema sana na wanyama husema naye.

Katika Kalemie, kama katika miji mingine ya Kongo ya mashariki, si ajabu kumwona kasuku barazani. Mji huu, ulioitwa Albertville hata mwaka 1966, ni njia panda ya zamani. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na kwa maji njia zaelekea Kigoma, Bujumbura na Mpulungu. Penye njia ya watu na mizigo, hapakosi kupita na ndege ndani ya kikapu, akitafuta mnunuzi bila yeye mwenyewe kupenda.

Basi swali linalotufika ni hili: je, yafaa kumweka kasuku mdogo nyumbani awe mwenzi wa familia? Na kama yafaa, ni kasuku yupi, naye atunzwe namna gani? Tusijibu kwa haraka. Jambo lenyewe ladhaniwa kuwa dogo kwa sababu ndege mwenyewe ni mdogo. Kumbe lina mengi ndani yake.

Kasuku si mmoja

Watu wengi wakisikia neno kasuku humfikiri mara moja kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule hodari wa kuiga maneno. Huyo si mdogo. Urefu wake ni sentimeta 33 hivi, na akitunzwa vema aweza kuishi miaka 40 na kuzidi. Makao yake ni misitu mikubwa, toka Afrika ya magharibi hata Kongo ya mashariki na Uganda. Habari zake tutazigusa, maana zatufundisha jambo. Lakini leo twasema hasa juu ya ndugu zake wadogo.

Wa kwanza ni yule ambaye wataalamu humwita Poicephalus meyeri. Huyu ni mwenyeji wa miti ya miombo ya kusini-mashariki ya Kongo, ya Tanzania na ya Zambia. Urefu wake ni sentimeta 22 hivi. Mgongo na kichwa ni vya rangi ya udongo wenye majivu, tumbo lina kijani chenye kuelekea samawi, na penye bega la bawa pana manjano inayoonekana vizuri anaporuka. Hula mbegu za miti ya porini, tini za mwitu na matunda mengine. Si mpiga kelele kama wenzake, naye akizoea watu huwa mpole.

Wa pili ni jamii nzima ya kasuku wafupi wa mkia, wakubwa kidogo tu kuliko shomoro, ambao wataalamu waliwapa jina la Agapornis. Jina hilo limetengenezwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, upendo na ndege. Kwa Kifaransa jina lao lina maana ya «wasiotenganishwa», maana dume na jike hukaa bega kwa bega siku nzima, wakichanuana manyoya na kulishana mdomo kwa mdomo. Aina zao ni 9. Wote ni wa Afrika, pamoja na mmoja wa Madagaska. Wanaojulikana sana katika nchi zetu ni wawili wa Tanzania: mmoja mwenye uso wa rangi ya chungwa lililoiva, mwenyeji wa pande za Serengeti na kusini ya ziwa Viktoria; na wa pili mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano shingoni. Katika miaka ya 1980 ndege hao walinaswa wengi mno wakauzwa ng'ambo, hata idadi ya wale wa uso wa chungwa porini ikapungua. Wengine walitoroka au kuachiliwa mbali na kwao. Ndiyo maana leo watu waonao ndege hao Naivasha katika Kenya hukuta wamechanganyika damu, huyu si wa aina hii wala ya ile.

Kaskazini ya Kongo yuko ndugu yao mwenye uso mwekundu, ambaye huchimba nyumba yake ndani ya kichuguu cha mchwa kilichojengwa juu ya mti. Tena ndani kabisa ya msitu yuko mwingine, mwenye ukosi mweusi shingoni, ambaye habari yake yafaa kukumbukwa na kila mfugaji. Padre Hutsebout, mmisionari aliyekaa Kongo wakati wa Wabelgiji, alijaribu kuwafuga. Aliona kwamba wakikosa tini za msituni walizozizoea, walikataa kila chakula kingine, wakafa baada ya siku 3 au 4. Ndege yule hakufa kwa kukosa upendo wa bwana wake. Alikufa kwa sababu upendo peke yake si chakula. Somo hili litatufuata mpaka mwisho wa habari yetu.

Ametoka wapi?

Mtoto amemwona kinda wa kasuku sokoni. Amemshika baba mkono: «Papa, tumnunue! Bei yake si kubwa.» Kweli, bei aitakayo mwuzaji yaweza kuwa ndogo. Lakini kuna bei nyingine ambayo mwuzaji haitaji, nayo ililipwa porini kabla ndege hajafika sokoni.

Kasuku wetu wa miombo hajengi kiota cha majani. Hutaga ndani ya tundu la mti, tena mara nyingi tundu hilo hakulitoboa yeye. Lilitobolewa zamani na kigogota, au liliachwa na tawi lililooza. Mti wenye tundu la kufaa ni mti mzee. Jike hutaga mayai 2 hata 4, huyaatamia karibu mwezi mmoja, kisha makinda hukaa tunduni karibu miezi miwili mingine kabla ya kuruka. Basi katika mwaka mzima jozi moja haileti watoto wengi.

Sasa tazama kazi ya mwindaji wa makinda. Tundu liko juu, mti ni mnene, kupanda ni shida. Akiwa na shoka, auangusha mti. Makinda wengine hufa kwa kishindo, mmoja au wawili hubaki hai, nao ndio wanaoletwa katika kikapu. Kinda ameondoka, naam. Lakini na nyumba pia imeondoka. Mwaka utakaofuata wazazi watarudi, nao hawataona mahali pa kutaga. Mtu achukuaye yai la kuku na kuacha kuku amechukua yai. Aangushaye mti wenye tundu amechukua yai, kuku na kibanda pamoja.

Na shoka hilo halifanyi kazi peke yake. Miji yetu yapika kwa makala, na makala yatoka katika miombo ile ile. Mti mkubwa ndio utoao magunia mengi, nao ndio wenye matundu. Kwa hiyo kasuku apigwa pande mbili: huku mchoma makala, huku mwindaji wa makinda. Mchoma makala angalau atafuta moto wa kupikia watoto wake. Sisi tununuao kinda la mwituni, twatafuta nini?

Kasuku wa kijivu hunaswa kwa namna nyingine, hasa pande za Maniema na misitu iliyo kaskazini yake. Wanasaji hupaka ulimbo juu ya matawi au makuti, huweka kasuku mmoja aliyefungwa ili awaite wenzake, na kundi likishuka hugandamana. Wengi hufa kwa hofu, kwa kiu, au kwa kubanwa katika masanduku kabla hawajamwona mnunuzi. Matokeo yake twayajua kutoka Ghana: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1992 kasuku wa kijivu wa nchi ile wamepungua kwa sehemu 90 hata 99 katika kila 100. Msitu ambao babu zetu waliusikia ukipiga kelele asubuhi na jioni, wajukuu wanaukuta kimya.

Sheria yasemaje?

Mataifa yalikutana Washington mwaka 1973 na kufanya mapatano juu ya biashara ya wanyama na mimea ya mwitu inayovuka mipaka. Mapatano hayo huitwa CITES. Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, iliingia katika mapatano hayo mwaka 1976. Tangu mwaka 1981 karibu aina zote za kasuku za dunia zimo katika orodha zake. Maana yake, kasuku hawezi kuvushwa kutoka nchi moja hata nyingine kwa biashara bila hati ya serikali. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikata shauri kasuku wa kijivu awekwe katika orodha ya kwanza, yenye ukali kupita zote, na neno hilo likaanza kazi Januari 2017. Ulaya nayo ilifunga mlango kwa ndege wa mwituni mwaka 2005, kwa hofu ya homa ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ikaufunga moja kwa moja.

Katika Kongo yenyewe iko sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili. Kwa hiyo msafiri anayeficha jozi ya kasuku chini ya kitenge ndani ya meli ya kutoka Kigoma asiseme kwamba amebeba zawadi tu. Amebeba kosa, tena amewabebesha ndege hatari ya kufa kwa joto.

Hapo mtu aweza kuuliza: je, hakuna kasuku anayefugwa kwa haki? Wako. Wako ndege waliozaliwa katika tundu la kufugia, wazazi wao na babu zao kadhalika. Yule kasuku mdogo wa Australia, wa kijani na manjano, aliletwa Ulaya mwaka 1840, na tangu hapo watu wamemzalisha vizazi vingi hata hajui tena pori. Hata wale wasiotenganishwa wazaliana vema mikononi mwa watu.

Basi baba au mama anayetaka kununua, amwulize mwuzaji maswali matatu. La kwanza: ndege huyu alizaliwa wapi, nasi twaweza kuwaona wazazi wake? La pili: ana pete mguuni? Wafugaji wa kweli humvika kinda pete ya chuma isiyo na maungio akiwa na umri wa siku chache tu. Mguu ukiisha kukua, pete hiyo haiwezi tena kuvishwa wala kuvuliwa, nayo ni ushahidi. La tatu: manyoya ya mabawa ni mazima? Manyoya yaliyokatwa ovyo, yaliyogandamana, au ndege ajitupaye ovyo penye vyuma kila mtu akikaribia, hizo ni dalili za kwamba juzi tu alikuwa huru. Mwuzaji akikosa majibu, usimnunue ndege kwa kumwonea huruma. Ukimnunua huyu, kesho wataletwa wengine wawili.

Nyumba yake na chakula chake

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kasuku ni mgeni asiyeweza kupewa jembe. Siku ya tatu, na ya mia tatu, bado atangoja kwako maji, chakula na usafi. Mwenye kuogopa jambo hili asimlete nyumbani.

Tundu lake liwe pana kuliko kwenda juu, maana kasuku huruka kwa upande, hapai kama moshi. Kwa jozi ya wale wadogo, upana wa sentimeta 60 ni kiasi cha chini kabisa. Kwa kasuku wa miombo litakiwe kubwa zaidi. Nafasi kati ya vyuma isipitishe kichwa chake. Fundi akitumia waya mpya wenye mng'aro wa zinki, ausugue kwanza kwa brashi na siki, kisha auoshe, kwa kuwa kasuku hupenda kutafuna, na zinki ni sumu kwake. Rangi zenye risasi ni sumu kadhalika. Vijiti vya kusimamia visiwe vyote vya unene mmoja. Matawi ya mpera yafaa sana: ni magumu, hayana sumu, naye huyamenya gamba kwa furaha. Ndege asiye na cha kutafuna ataanza kuyang'oa manyoya yake mwenyewe.

Lakini jambo kubwa kuliko ukubwa wa tundu ni mahali linapowekwa. Pafu la ndege ni kitu chepesi mno. Msimweke jikoni, wala karibu na mbabula, wala penye moshi wa sigara. Zile sufuria za kisasa zisizogandamana chakula, zikiachwa motoni tupu hata zikachomeka, hutoa hewa ambayo mtu haioni, nayo humwua ndege kwa dakika chache. Asikae pia penye jua kali la mchana pasipo kivuli, wala penye upepo wa ziwa upulizao usiku. Mahali pema ni pembe ya ukumbi penye mwanga, ukuta nyuma yake, watu mbele yake. Jioni afunikwe kitambaa chepesi, alale saa 10 hata 12, kama alivyozoea porini tangu jua kutua hata kucha.

Chakula chake kisiwe mbegu tupu. Mtama, uwele na ulezi ni vema. Alizeti na karanga zina mafuta mengi, zitolewe kidogo. Karanga zilizoota ukungu zisitolewe hata moja, kwa maana zina sumukuvu inayoharibu ini. Kila siku apate kitu kibichi: lengalenga zilizooshwa, karoti, mahindi machanga, papai, embe, pera, hata pilipili, ambayo haimwashi kama inavyotuwasha sisi. Gamba la yai lililochemshwa na kusagwa humpa chokaa ya mifupa. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, maana huyachafua mara moja.

Viko vyakula vya watu ambavyo kwake ni sumu, na hapa twawaomba watoto wasikilize sana. Parachichi, ambalo sisi twalihesabu kuwa chakula cha nguvu, laweza kumwua kasuku. Chokoleti, kahawa, chumvi nyingi na pombe kadhalika. Wako watu wazima wanaomnywesha kasuku pombe ili wapate kucheka. Mchezo huo ni mchezo wa kijinga, na mtoto anayeutazama anajifunza jambo baya.

Upweke

Tukumbuke jina lile, «wasiotenganishwa». Kasuku porini hali peke yake, halali peke yake, wala hasafiri peke yake. Ndege anayefungiwa mmoja katika nyumba ambayo watu wote hutoka asubuhi na kurudi usiku, ni mfungwa wa chumba cha pekee. Atapiga kelele za kuchosha, au atanyamaza kabisa, na kunyamaza huko watu hukudhani ni upole. Kwa hiyo ndege wadogo wawekwe wawili. Watasema wao kwa wao zaidi kuliko wanavyosema nasi, ni kweli. Lakini furaha yao itaonekana, na kuitazama ni faida yetu. Anayefuga mmoja, lazima awe na mtu wa nyumbani wa kukaa naye kila siku, si siku za sikukuu tu.

Samaki mkunje angali mbichi. Na kasuku azoeshwe angali kijana. Wiki ya kwanza usimshike. Kaa karibu, sema kwa sauti ya chini, acha akuone ukila. Kisha mpe tunda kwa mkono kupitia vyumani. Siku moja atakubali kupanda juu ya kidole chako, nawe usifanye haraka ya kufunga kidole. Aking'ata, usimpige wala usipige yowe: kipigo chamfundisha woga, na yowe lampendeza hata akarudia. Weka chini mkono wako, ngoja, anza tena kesho. Mtoto ambaye amemzoesha kasuku kwa njia hii amejifunza subira ambayo hakuna kitabu kingemfundisha vizuri zaidi.

Je, kasuku aelewa?

Walimu hupenda kumwonya mwanafunzi: «Usikariri kama kasuku.» Yaani asirudie maneno bila kuyafahamu. Lakini huenda tumemsingizia ndege huyu. Mwaka 1977 mwanachuoni mmoja wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la ndege mjini Chicago, akamwita Alex. Alimfundisha kwa miaka 30. Alex alijifunza majina ya vitu 50 hivi, rangi 7 na namna 5 za umbo, akaweza kuhesabu hata 6. Akionyeshwa vitu viwili na kuulizwa vimetofautiana kwa nini, alijibu kama ni rangi au ni umbo. Akikosa hamu ya kazi, aliomba kurudishwa penye tundu lake. Alikufa Septemba mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 31, na magazeti ya nchi nyingi yakaandika habari ya kifo chake.

Wale wadogo hawana ufundi wa maneno kama huo. Wasiotenganishwa karibu hawasemi kamwe, na kasuku wa miombo hupata maneno machache tu. Anayemnunua kasuku mdogo ili asikie hotuba atajuta. Lakini habari ya Alex yatuambia kwamba ndani ya kichwa kile kidogo mna akili inayopima na kukumbuka. Basi na mateso pia yanakumbukwa humo.

Homa ya kasuku

Si haki kusifu bila kuonya. Uko ugonjwa ambao ndege hawa huweza kumwambukiza mtu, kwa njia ya mavumbi ya mavi yao yaliyokauka. Mwaka 1929 na 1930 mamia ya watu waliugua katika nchi kadha za Ulaya na Amerika kwa sababu ya kasuku waliosafirishwa kwa biashara, na wengi wakafa. Siku hizi dawa zipo, nazo zaponya zikitumiwa mapema. Mtu anayefuga kasuku akipata homa kali, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, amwambie mganga wa hospitali waziwazi: «Nyumbani tuna kasuku.» Neno hilo fupi laweza kumwokoa, kwani dalili zenyewe zafanana na za magonjwa mengine mengi tunayoyajua.

Kujilinda si kazi ngumu. Sakafu ya tundu iwekwe karatasi, ibadilishwe kila siku; kabla ya kusafisha inyunyizwe maji ili mavumbi yasipae; mikono ioshwe kwa sabuni. Ndege asibusiwe mdomoni, wala asile katika sahani ya mtu. Ndege anayekaa chini ya tundu, manyoya yamevimba, macho yamefumba, mkia wapanda na kushuka anapopumua, ni mgonjwa sana. Kasuku huficha ugonjwa hata asiweze tena, kwa hiyo usingoje hata kesho. Mtenge, mtie joto, mwite bwana mganga wa mifugo.

Kama tayari yuko nyumbani

Kwa familia iliyo na kasuku wa mwituni tangu miaka iliyopita, hatusemi: fungueni mlango aende. Ndege aliyekatwa mabawa ataliwa na paka kabla ya jioni. Aliyesahau kutafuta chakula atakufa njaa. Aliyeshika ugonjwa wa mjini ataupeleka porini. Mtunzeni vema mpaka mwisho wake, wala msimtafutie mwenzi kwa mwindaji. Au mkiweza, ulizeni maafisa wa hifadhi za serikali. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, ipo nyumba ya kutunza sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa wauzaji, na kasuku wa kijivu pia wamepokelewa huko, wakangojewa manyoya ya mabawa yao yaote upya.

Na kwa familia ambayo bado yafikiri, twasema hivi. Hesabuni miaka kabla ya kuhesabu fedha. Wale wadogo wa wawili wawili huishi miaka 10 hata 15. Kasuku wa miombo akitunzwa aweza kupita miaka 20. Maana yake, mtoto anayemwomba leo akiwa katika darasa la nne, atakuwa amemaliza masomo, ameoa au ameolewa, na kasuku bado yupo akiomba papai. Nani atamtunza siku hizo? Nani atabadilisha maji wakati wa malimo, wakati wa msiba, wakati wa safari? Jina la mtu huyo litajwe mezani mbele ya wote kabla ndege hajaingia. Lisipopatikana jina, jawabu limepatikana.

Tena iko njia nyingine ambayo haina tundu wala kufuli. Pandeni mpera na mpapai uani. Acheni mti mmoja mzee usimame shambani hata kama una tundu, hasa kama una tundu. Wapelekeni watoto asubuhi mapema penye miombo iliyobaki, waketi kimya, wajifunze kumtambua kasuku kwa sauti yake na kwa ile manjano ya bega anapopita. Mtoto anayemjua ndege katika mti wake hatakubali kesho mti huo uangushwe kwa ajili ya kinda mmoja.

Kasuku anayestahili kuitwa rafiki wa nyumba ni yule aliyezaliwa mikononi mwa watu, ana mwenzi wake, ana hewa safi, ana chakula chake na ana mtu aliyeahidi kumtunza. Akikosa hayo, hata akiimba, hata akitaja jina la baba na la mama, yeye ni mfungwa asiyejua kosa lake.